Kipya Kinyemi? Jinsi ya Kuamua Kukarabati Baiskeli au Kununua Nyingine

Mwaka huu chama chetu kimenitaka niandike makala ya mafunzo. Kwa kuwa wenzangu wameshaandika juu ya ngeli na uundaji wa maneno, mimi nimechagua kuandika juu ya chombo ambacho wengi wetu huja nacho shuleni kila siku, yaani baiskeli. Msinicheke. Swali nitakalolijibu liliwahi kutukosesha usingizi nyumbani kwetu: baiskeli ikichakaa, je, uikarabati au ununue nyingine?

Methali zetu zenyewe hazielewani juu ya jambo hili. Moja inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyingine inasema la kuvunda halina ubani. Ya kwanza inakwambia ushike ulicho nacho, ya pili inakwambia kuna kitu kikishaharibika hakina dawa. Zote ni kweli. Kazi iliyopo ni kujua ni ipi inayoihusu baiskeli yako wewe. Ili kujua hivyo, kuna maswali manne ya kujiuliza kwa utaratibu, wala si kwa macho.

KISA CHENYEWE

Baiskeli yetu ni ya mashindano, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kaka yangu mkubwa aliinunua ikiwa mtumba uliotoka Ulaya, akaitumia miaka minne, kisha akaenda Nairobi kutafuta kazi akaniachia mimi. Fremu yake ni ya chuma na ina gia kumi na mbili, yaani vyuma viwili vya meno mbele na sita nyuma.

Nyumbani kwetu ni kando ya barabara ya kwenda Archer's Post, kilomita tisa kutoka mjini Isiolo. Kila alfajiri mama hupokea maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, nami huyapeleka mjini katika mitungi miwili ya lita kumi kumi. Mnajua wenyewe kwamba maziwa ya ngamia ya Isiolo husafirishwa kwa basi hadi Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh. Basi halimngoji mtu. Nikichelewa, maziwa hubaki, na kwa jua letu hili hayachukui muda kabla ya kuharibika. Nikishayafikisha ndipo ninapokuja shule.

Mwezi wa pili mwaka huu tairi ya nyuma ilikwisha. Ilikuwa imeandikwa 27. Nilizunguka maduka yote niyajuayo mjini, wapi! Fundi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, akaniambia, "Kijana, weka hii ya Black Mamba, ni 28. Imezidi inchi moja tu, itashika." Tairi hiyo iliingia kwa mikono mitupu, bila kusukumwa na chuma chochote. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka. Nilifurahi.

Siku ya tatu, nikiwa na mzigo, tairi ilichomoka kwenye rimu. Tyubu ikapasuka kwa kishindo, nami na mitungi tukawa chini. Lita ishirini zikamwagika juu ya lami. Nilipofika nyumbani nikichechemea, mama aliniambia, "Pole mwanangu, bora wewe u mzima." Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko goti.

Sasa niseme ukweli. Katikati ya huzuni hiyo, mimi niliona nafasi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, ikiwa ni mara ya kwanza kuja barani Afrika. Niliyatazama kwenye runinga ya mkahawa, na tangu siku hiyo kichwa changu kilijaa baiskeli nyepesi zing'aazo. Mjini kulikuwa na mtumba mmoja wa namna hiyo, mwekundu, tairi nyembamba kama kidole. Bei yake shilingi 22,000. Baiskeli yetu mbovu wangeichukua kwa 4,000, nasi tuongeze 18,000. Nikaanza kumshawishi mama.

Mama alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili, akapata 16,000. Katika fedha hizo mlikuwamo pesa za chakula changu cha mchana shuleni kwa muhula mzima. Ili kufikisha 18,000 ilibidi auze mbuzi wa tatu, yule mwenye mimba, na hata hivyo ile ya chakula ingetafutwa kwingine. Alikuwa karibu kukubali. Mjomba ndiye aliyesema, "Kabla ya kuuza, mpelekeeni yule mzee fundi aiangalie kwanza."

SWALI LA KWANZA: KAZI YAKE NI IPI?

Mzee huyo hutengeneza baiskeli chini ya mgunga tangu kabla mimi sijazaliwa.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waleikum salaam, kijana wangu. Umeniletea mgonjwa?"

Nikamwonyesha baiskeli, nikamweleza na habari za ile nyekundu. Hakuigusa yetu kwanza. Aliniuliza tu, "Inabeba nini, inakwenda wapi, na nani anaingoja kule inakokwenda?"

Nilijibu kwamba inabeba maziwa lita ishirini, pamoja na mitungi kama kilo ishirini na mbili hivi. Inapita njia ya vumbi yenye miiba ya migunga kama kilomita moja na nusu, kisha lami hadi mjini, na lami hiyo hupanda polepole. Anayeingoja ni dereva wa basi, kisha mwalimu wa zamu.

"Basi ile nyekundu hata kama ungepewa bure haikufai," akasema. "Haina matundu ya kufungia keria, na uma wake hauruhusu tairi nene. Mwiba mmoja tu, umekwama."

Hilo ndilo somo la kwanza. Wengi wetu huuliza baiskeli ipi ni nzuri, ilhali tungeuliza ni nzuri kwa kazi gani. Binamu yangu huuza maji mtaani, mitungi minne ya lita ishirini kwa safari moja. Hiyo ni kilo themanini za maji. Kwake yeye Black Mamba haina mpinzani: ni nzito, ina keria imara, na vipuri vyake huuzwa kila mahali. Ningemshauri abadilishe achukue ya mashindano, ningekuwa adui yake.

SWALI LA PILI: FREMU NI NZIMA?

Fremu ni mwili wa baiskeli, na vitu vingine vyote ni mavazi. Mavazi hubadilishwa. Mwili ukifa, kuuvisha nguo mpya ni kupoteza pesa. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata skrubu moja, kagua fremu hivi:

(a) Ioshe, uangalie viungo vyote, hasa chini ya usukani, penye pedali, na pale gurudumu la nyuma linaposhikwa. Tafuta ufa, kutu iliyotoboa, au rangi iliyojikunja kama ngozi ya mzee. Rangi iliyojikunja ni dalili kwamba bomba limepinda.

(b) Funga uzi kwenye sikio la nyuma la upande mmoja, uuzungushe mbele penye kichwa cha fremu, uurudishe hadi sikio la upande wa pili, uukaze. Kisha pima kwa rula kutoka kila uzi hadi bomba la kiti. Vipimo vya kushoto na kulia vikilingana, fremu haijapinda.

Yetu ilifaulu kwa uzi. Lakini mzee alipopangusa vumbi chini ya usukani tuliona mstari mwembamba kama unywele. Moyo ulinilipuka. Ajabu ni kwamba siku ile ile niliyotaka kuitupa baiskeli ya kaka, niliogopa kuambiwa imekufa.

"Kama ni rangi, tumepona," mzee akasema. "Kama ni chuma, usiipande tena, hata bila mzigo."

Alipaka mafuta ya taa juu ya mstari, akangoja, akapangusa hadi pakakauka kabisa. Kisha akanigeukia, "Wewe si mwanafunzi? Chaki huna?" Nilikuwa nayo kipande mfukoni. Tukaisaga, tukaipaka juu ya mstari. Maana ya jambo hili ni hii: mafuta ya taa hupenya ndani ya ufa hata ukiwa mdogo sana. Ukipangusa, ya juu huondoka lakini ya ndani hubaki. Baadaye hutoka polepole na kuilowesha chaki, na ufa ukajichora wenyewe.

Tulingoja. Mzee alikunywa chai yake. Mimi sikuweza kunywa yangu. Chaki ilibaki nyeupe pe! Ulikuwa mkwaruzo wa rangi tu.

Kumbuka pia kwamba fremu ya chuma ikipata ufa mdogo, mchomeleaji hodari anaweza kuiunga. Ya aluminiamu ni vigumu zaidi, kwani huhitaji mtambo na ujuzi maalumu, na joto huidhoofisha. Zile nyepesi mno za nyuzi za kaboni huweza kuvunjika kwa ndani na nje zisionyeshe sana. Ndiyo maana anayenunua mtumba wa kaboni bila kujua historia yake ananunua paka ndani ya gunia.

SWALI LA TATU: VIPURI VITAPATIKANA, NA VITAINGIANA?

Hapa ndipo nilipojua kwa nini nilianguka. Inchi zinazoandikwa kwenye tairi ni lakabu tu, na milimita ndizo kipande cha kitambulisho. Ukiangalia ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 32-630. Ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Tazama:

Tairi ya zamani ya mashindano, inchi 27: milimita 630
Tairi ya Black Mamba, inchi 28 kwa moja na nusu: milimita 635
Tairi ya mashindano ya siku hizi, iitwayo 700C: milimita 622
Tairi ya baiskeli ya milimani, inchi 26: milimita 559

Ona maajabu. Baina ya 27 na 28 ya Black Mamba hakuna inchi moja. Kuna milimita tano tu. Tairi ya 635 huingia kwenye rimu ya 630 kwa ulaini kwa sababu imepwaya. Kitu kilichopwaya hutoka. Na zaidi ya hayo, hata 700C, iliyo ndogo kuliko 27, nayo mara nyingi huandikwa 28! Mtu akikuuzia tairi kwa inchi peke yake, mwambie akusomee milimita.

Tairi ya 630 ilikuwa adimu kwetu, na ningeipata leo ningeisaka tena mwakani. Mzee akapendekeza tuyaache magurudumu yenyewe, tutafute ya 622, kwani tairi zake ziko nyingi na za unene mbalimbali. Tofauti ya 630 na 622 ni milimita nane. Ukigawanya kwa mbili, breki zinahitaji kushushwa milimita nne tu. Tukapima, breki zetu zilikuwa na nafasi hiyo. Isitoshe, gurudumu likiwa dogo, uma hubakiwa na nafasi ya tairi nene. Tukapima na upana wa uma wa nyuma, milimita 126, ili kitovu cha gurudumu kipya kisije kikakataa kuingia.

Kisha tukapima cheni. Jifunzeni jambo hili kwani ni rahisi na rula ya shule inatosha. Hesabu nafasi ishirini kutoka pini hadi pini. Cheni mpya itasoma milimita 254. Ikisoma kama 255 na nusu, nunua cheni mpya upesi. Ikifika 256 na nusu, umechelewa: meno ya friwili nayo huenda yamekwisha kulika, na cheni mpya itakuwa inaruka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yetu ilisoma 257. Kwa sababu ya uzembe wangu wa kutopima, friwili nayo ikaingia kwenye orodha.

SWALI LA NNE: HESABU INASEMAJE?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Niliandika hivi, kwa shilingi:

Magurudumu mawili ya 622 yaliyotumika, rimu za aluminiamu, spoki 36: 4,500
Tairi mbili za 35-622: 1,600
Tyubu mbili: 600
Friwili ya meno 14 hadi 28: 800
Cheni: 600
Raba za breki: 300
Kebo: 200
Gololi na grisi: 150
Ufundi: 700
Jumla: 9,450

Nyekundu ingetugharimu 18,000 baada ya kuitoa yetu. Black Mamba mpya ilikuwa 14,500, yaani 10,500 baada ya kuitoa yetu. Kwa hiyo mashindano ya kweli yalikuwa baina ya kukarabati na Black Mamba. Tofauti ni 1,050 tu. Hapo hesabu ya pesa peke yake haikutosha, tukafanya hesabu ya nguvu na muda.

Black Mamba niliyoihesabu ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Gawanya, utapata 2.44. Gurudumu lake likizunguka mara moja huenda kama mita 2.2, hivyo kila ukizungusha pedali mara moja unasonga kama mita 5.4. Ni hiyo hiyo, mlimani na mteremkoni. Yetu ikiwa na friwili mpya, ukiweka meno 42 mbele na 28 nyuma unapata 1.5. Mara mita 2.17, ni kama mita 3.3 kwa mzunguko mmoja. Unasonga kidogo, lakini mguu unapumua. Ukifika tambarare unaweka 52 kwa 14, unakwenda kama mita 8.

Hatukuamini karatasi tu. Niliazima Black Mamba ya jirani, nikaazima pia gurudumu la nyuma kwa mzee kwa siku moja niliweke kwenye yetu. Mzigo ule ule, njia ile ile, maji badala ya maziwa. Black Mamba: dakika 42. Yetu: dakika 31. Dakika kumi na moja ni chache kwa mtu anayetembea, lakini kwa basi la maziwa ni maisha.

UAMUZI

Nilimsomea mama daftari jioni, yeye akikamua mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na wewe moyo wako uko wapi, kwenye ile nyekundu au hii?" Nikamwambia kweli, bado naipenda ile nyekundu. Akacheka. "Ipende," akasema, "lakini maziwa hayaijui rangi."

Kaka alitafuta magurudumu kwa mafundi wa Nairobi, akayatuma kwa basi. Nilimpa namba 622 na 126, wala sikutaja inchi hata moja. Yaliingia. Kutoka kwenye 16,000 zilibaki 6,550. Pesa za chakula zililipwa, na yule mbuzi mwenye mimba amezaa mapacha. Muhula huu wote nimechelewa mara moja, kwa pancha, na basi nililipata likiwa linawasha injini.

Msije mkadhani kwamba kukarabati ndiyo jibu siku zote. Badilisha baiskeli ukiona lolote kati ya haya: fremu imepata ufa usioweza kuungwa vizuri; fremu imepinda; haikutoshi kimo, magoti yanagonga usukani; kazi imebadilika na fremu haiwezi kazi mpya; au gharama ya kukarabati imepita bei ya nyingine nzima iliyo sawa nayo. Hapo ndipo la kuvunda halina ubani.

Na kwa wale wenzangu wenye ndoto za mashindano, ndoto haifi kwa sababu baiskeli ni kuukuu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alipokuwa mvulana alifanya mazoezi na David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu. Mimi nina kilomita tisa za mazoezi kila alfajiri, tena na mzigo.

MSAMIATI

Cheni: mnyororo wa baiskeli
Tyubu: mpira wa ndani wenye upepo
Spoki: njiti za gurudumu
Friwili: meno ya nyuma yanayozunguka huru usipokanyaga pedali
Keria: kibebeo cha mizigo nyuma ya kiti
Gololi: vijipira vya chuma ndani ya kitovu cha gurudumu
Kipenyo: upana wa duara kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati

ZOEZI

1. Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi ya baiskeli yenu. Je, inalingana na ya rimu?
2. Baiskeli ina meno 48 mbele na 20 nyuma, na gurudumu lake huenda mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Ukizungusha pedali mara moja utasonga mita ngapi?
3. Pima nafasi ishirini za cheni yenu. Uamuzi wako ni upi?
4. Jadilini katika vikundi: ni wakati gani "usiache mbachao" huwa ushauri mbaya?

Tamati.